Of Monsters and Men: Bendi ya Iceland iliyotoka sebuleni hadi majukwaa ya dunia

KUNDI la muziki la Of Monsters and Men lilipopanda jukwaani mwaka wa 2010 kuwania taji la Músíktilraunir, shindano la kila mwaka la bendi chipukizi nchini Iceland, lilikuwa bado changa mno. Vijana hao walitwaa ushindi. Miaka miwili baadaye, albamu yao ya kwanza, My Head Is an Animal, iliingia katika chati ya Billboard 200 nchini Marekani ikiwa nambari 6. Hakuna msanii wa Iceland aliyekuwa amewahi kufika hapo, hata Björk mwenyewe, ambaye albamu yake Volta ilikomea nambari 9 mwaka wa 2007.

Hayo si mafanikio madogo kwa taifa lenye watu wasiofika 400,000. Hata hivyo, Iceland haikuwa ngeni katika ulingo wa muziki. Kundi la The Sugarcubes lilivuma katika miaka ya themanini, na baadaye likaja Sigur Rós, lililoasisiwa mwaka wa 1994. Waliotangulia walisifika kwa muziki usiotabirika. Sigur Rós waliimba kwa Kiaislandi, na wakati mwingine kwa maneno ya kubuni yasiyo na maana katika lugha yoyote. Of Monsters and Men walifuata njia nyingine. Waliimba kwa Kiingereza, tena nyimbo ambazo umati unaweza kuziitikia baada ya kuzisikia mara moja.

Chanzo cha kundi hilo ni Nanna Bryndís Hilmarsdóttir, mzawa wa Garður, kijiji cha wavuvi katika rasi ya Reykjanes. (Msomaji asibabaishwe na majina haya marefu: Hilmarsdóttir ni binti Hilmar tu, na Þórhallsson ni mwana wa Þórhallur, kwani watu wengi wa Iceland hutumia jina la baba badala ya jina la ukoo.) Nanna alikuwa akiimba peke yake na gita lake, akijiita Songbird. Alipohisi kwamba sauti moja haitoshi, alijumuika na mpiga gita Brynjar Leifsson, mwimbaji Ragnar Þórhallsson na mpiga ngoma Arnar Rósenkranz Hilmarsson. Baadaye Kristján Páll Kristjánsson alishika gita la besi, naye Árni Guðjónsson akaleta kodiani na kinanda. Árni aliondoka mwaka wa 2012. Hao wengine watano wangali pamoja.

Nyota yao iling'aa kwa njia isiyo ya kawaida. Wakati wa tamasha la Iceland Airwaves mwaka wa 2010, kituo cha redio cha KEXP kutoka Seattle, Marekani, kiliwarekodi wakiimba sebuleni katika nyumba ya kawaida. Video hiyo ilisambaa katika intaneti. Mwaka uliofuata, kituo kimoja cha redio mjini Philadelphia kilianza kuucheza wimbo wao Little Talks, ingawa albamu yenyewe ilikuwa bado haijauzwa Marekani. Wasikilizaji waliupenda, vituo vingine vikafuata, na kampuni ya Universal ikaichukua bendi hiyo.

Little Talks ndio ufunguo wa kuuelewa muziki wao. Ukiusikia kwa mbali ni wimbo wa sherehe: tarumbeta zinalia, ngoma zinadunda, na kundi zima linapaza sauti kwa pamoja. Ukiyasikiliza maneno, unagundua kwamba ni mazungumzo kati ya wapenzi wawili, mmoja wao akiwa amekwisha kufariki. Nanna anaimba upande wa mjane anayesikia sauti katika nyumba kuukuu, naye Ragnar anamjibu kutoka huko aliko marehemu. Majonzi yamevishwa nguo za arusi, na pengine hii ndiyo sababu wimbo huo haujachuja.

Wachanganuzi huuweka muziki huu katika mtindo wa indie folk. Sehemu ya pili ya jina hilo inahusu nyimbo za masimulizi zinazopigwa kwa ala zisizotegemea umeme sana. Sehemu ya kwanza ilikuwa na maana ya wasanii wasio chini ya kampuni kubwa, maana ambayo, kusema kweli, iligeuka kuwa pambo tu kwa kundi lililochukuliwa na Universal. Mwaka huo wa 2012, makundi kama Mumford & Sons la Uingereza na The Lumineers la Marekani yalikuwa yakitamba kwa mtindo unaokaribiana na huo. Kilichowatofautisha vijana wa Iceland ni hadithi zao. Nyimbo zao zimejaa wanyama, bahari, misitu na viumbe vya ajabu. Lugha ni ya kuazima, lakini mawazo yanabaki kuwa ya watu waliokulia kando ya bahari yenye baridi, ambako masimulizi ya kale hayajafa.

Tatizo la albamu ya kwanza inayovuma kiasi hicho ni ile ya pili. Bendi ingeweza kurudia yale yale: tarumbeta, vigelegele, wanyama. Haikufanya hivyo. Beneath the Skin, iliyotoka Juni 2015, ni nzito zaidi. Hadithi za viumbe zimepungua, na mahali pake pamechukuliwa na hofu na upweke wa binadamu. Ilifika nambari 3 Marekani, lakini haikuzaa kibao cha kulingana na Little Talks. Hata hivyo, kwa uandishi wa nyimbo, ndiyo iliyokomaa zaidi kati ya hizo mbili.

Katika Fever Dream, ya Julai 2019, mageuzi yalikuwa makubwa zaidi. Nyimbo nyingi zilitungwa kwa kompyuta badala ya gita, na sauti za kielektroniki zikatawala. Alligator, wimbo wenye gita la umeme linalonguruma, ulichezwa katika redio za Marekani, lakini baadhi ya mashabiki wa zamani walilalamika kwamba bendi yao imepotea. Lalamiko hilo lina msingi kwa kiasi fulani. Mle mna nyimbo ambazo zingeweza kuimbwa na bendi yoyote kutoka mji wowote.

Kisha ikafuata kimya kirefu, kilichokatizwa na Tíu, mkusanyiko mfupi wa mwaka wa 2022 ambao jina lake kwa Kiaislandi lina maana ya kumi. Mnamo 2023 Nanna alitoa albamu yake binafsi, How to Start a Garden, yenye nyimbo tulivu zinazokumbusha siku zake za Songbird. Ni Oktoba 2025 ambapo kundi zima lilirejea na albamu ya nne, All Is Love and Pain in the Mouse Parade, miaka sita baada ya Fever Dream. Humo sauti za Nanna na Ragnar zinajibizana tena.