Study for Strings (Susan Philipsz)

Study for Strings (yaani "Zoezi la vyombo vya nyuzi") ni kazi ya sanaa ya sauti ya msanii Susan Philipsz kutoka Uskoti. Ilisikika mwaka 2012 katika stesheni kuu ya zamani ya reli mjini Kassel, Ujerumani, wakati wa maonyesho ya sanaa ya documenta 13. Kazi hiyo hutumia sehemu mbili tu za muziki uliotungwa mwaka 1943 na Pavel Haas, mtunzi Myahudi aliyekuwa mfungwa wa Wanazi. Mahali ambapo vyombo vingine vingesikika, msanii ameacha ukimya. Ukimya huo unawakumbuka wanamuziki waliouawa, pamoja na watu wa Kassel waliosafirishwa kwa treni kutoka stesheni hiyo na wengi wao wasirudi.

## Sanaa ya sauti na msanii

Sanaa ya sauti ni aina ya sanaa ambamo sauti ndiyo inayoonyeshwa, kama picha na sanamu zinavyoonyeshwa kwingine. Hutofautiana na tamasha la muziki, kwa kuwa kwa kawaida hakuna wapigaji mbele ya watu, na msikilizaji huja na kuondoka apendavyo. Mara nyingi mahali penyewe huwa sehemu ya kazi. Sauti ileile ikipigwa chini ya daraja, sokoni au ndani ya chumba haisikiki sawa, kwa sababu mwangwi, kelele za jirani na historia ya mahali huchanganyika nayo.

Philipsz alizaliwa Glasgow mwaka 1965 na alisomea uchongaji. Mwaka 2010 alipewa Tuzo ya Turner ya Uingereza kwa kazi yake Lowlands, ambamo sauti yake mwenyewe, akiimba wimbo wa kale, ilisikika chini ya madaraja matatu ya mto Clyde. Ilikuwa mara ya kwanza kwa tuzo hiyo kwenda kwa kazi ya sauti.

## Muziki wa Pavel Haas

Pavel Haas alizaliwa mwaka 1899 mjini Brno, katika Ucheki ya leo, akawa mwanafunzi wa mtunzi maarufu Leoš Janáček. Mwaka 1941 Wanazi walimpeleka Theresienstadt (kwa Kicheki Terezín), mji wa ngome uliogeuzwa kuwa geto na kambi ya wafungwa Wayahudi. Zaidi ya watu 140,000 walipitia kambi hiyo. Takriban 33,000 walifia humo, na takriban 88,000 walipelekwa mbele, hasa kwenye kambi za maangamizi.

Katika taabu hiyo wafungwa waliendelea kuigiza, kufundishana na kupiga muziki. Mwaka 1943 Haas alitunga muziki kwa ajili ya okestra ya vyombo vya nyuzi ya wafungwa, iliyoongozwa na Karel Ančerl. Vyombo vya nyuzi ni fidla, viola (inayofanana na fidla lakini ni kubwa kidogo na ya sauti nzito zaidi), selo na besi. Wasikilizaji wa taarab ya Unguja wanavijua baadhi yake.

Mwaka 1944 Wanazi walipiga filamu ya propaganda kuudanganya ulimwengu kwamba wafungwa wa Theresienstadt waliishi vizuri. Muziki wa Haas ulipigwa mbele ya kamera, na mtunzi mwenyewe akaonekana akiinama kushukuru makofi. Muda mfupi baadaye wanamuziki wengi walipelekwa Auschwitz. Haas aliuawa huko Oktoba 1944.

Ančerl pia alipelekwa Auschwitz, ambako mkewe na mwanawe waliuawa, lakini yeye alinusurika. Baada ya vita alizipata Terezín karatasi za noti za wapigaji. Sehemu ya besi ilikuwa imepotea, na baadaye ikatungwa upya kwa kufuata zile zilizobaki.

## Stesheni ya Kassel

Kassel ulikuwa mji wa viwanda. Kampuni ya Henschel ilitengeneza huko vichwa vya treni, na wakati wa vita, vifaru. Oktoba 1943 sehemu kubwa ya mji iliteketezwa kwa mabomu ya ndege za Uingereza. Tangu mwaka 1955 mji huo umekuwa mwenyeji wa documenta, mojawapo ya maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa duniani, ambayo kwa miongo mingi yamefanyika kila baada ya miaka mitano.

Kutoka stesheni hiyo Wayahudi wa Kassel na wilaya za jirani waliondolewa kwa safari tatu kubwa: Desemba 1941 kwenda Riga, Juni 1942 kwenda Poland iliyokuwa imetekwa, na Septemba 1942 kwenda Theresienstadt. Katika safari ya tatu wengi walikuwa wazee. Kwa hiyo reli ya Kassel na kambi alimotungia Haas ziliunganishwa na historia kabla ya msanii kuziunganisha kwa sauti.

Siku hizi treni za masafa marefu hutumia stesheni nyingine ya Kassel, lakini treni za mkoa bado zinafika katika stesheni ya zamani.

## Jinsi kazi ilivyotengenezwa

Philipsz alirekodi sehemu za viola na selo peke yake, noti moja moja. Kisha sauti hizo ziligawanywa katika spika zilizowekwa mbalimbali mwishoni mwa majukwaa ya stesheni. Msikilizaji alilazimika kutembea hadi mbali na jengo, panapobaki reli, nyaya na majani. Noti moja ilitoka upande huu, nyingine ikaitikia kutoka mbali, na kati yake kulikuwa na ukimya, mngurumo wa treni au matangazo ya stesheni.

Ukimya huo una kipimo chake. Unadumu muda uleule ambao fidla na vyombo vingine vingepigwa. Mwalimu anapoita majina darasani, jina lisiloitikiwa humwambia kila aliyemo ni nani hayupo. Hapa pia pengo linaonyesha mahali pa mtu, na msikilizaji anatambua kwamba muziki huu uliandikiwa watu wengi zaidi.

## Mahali na kumbukumbu

Kumbukumbu nyingi za vita hujengwa kwa mawe na kuandikwa majina. Hii haikuacha alama yoyote ya kuonekana. Abiria aliyekuwa akisubiri treni aliweza kuisikia bila kujua asili yake. Ili kuelewa, ilimbidi aulize au asome. Hapo ndipo udhaifu wa kazi hii ulipo, na pia nguvu yake: sauti inamsimamisha mtu, lakini bila maarifa ya historia hawezi kujua anamkumbuka nani.

Mwaka 2013 kazi hiyo iliwekwa katika maonyesho ya sanaa ya sauti ya jumba la makumbusho la MoMA, New York. Katika ukumbi uliofungwa noti na ukimya vilisikika kwa uwazi zaidi, lakini reli hazikuwepo. Kule Kassel, treni zilizoingia na kuondoka katikati ya muziki zilimkumbusha msikilizaji kwamba stesheni ileile iliyotumika mwaka 1941 na 1942 ipo, na inatumika.