Kaka, R si ni R tu?

Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja wa fakulte aliniita akiwa na hasira. Alinunua Mac ya okazio, ile ya M1, apate kufanya ANOVA ya shamba lake la maharage kwa memwari. Akatelesharje R, ikafunguka vizuri. Lakini kila pakeji yenye alijaribu kujenga kutoka kodi yake ilikataa na jibu moja: maktaba hii ni ya arm64, inayotakiwa ni x86_64. Mega zikaisha. Akaniuliza: «Kaka, R si ni R tu?»

Hapana. Na M1 ilipotoka, Novemba 2020, hakukuwa hata na R rasmi iliyojengwa kwa prosesa ile. Kilichokosekana ni kompaila ya lugha iliyozaliwa mwaka 1957: Fortran.

Prosesa haisomi yale tunayoandika. Kompaila njo inayachukua na kutoa amri za prosesa ile peke yake. Mac za zamani zilikuwa na Intel, aina ya x86_64. M1 ni arm64, na amri za moja hazina maana kwa nyingine. Sasa R imeandikwa kwa C, kwa R yenyewe, na sehemu kubwa ya hesabu zake ni Fortran. Sisi watu wa shamba tunapita humo kila siku bila kujua: ukiandika aov(), inaita lm(), na lm() inakabidhi kazi kwa Fortran. Bila Fortran hakuna ANOVA.

Apple inatoa kompaila ya C, ya Fortran haitoi. Watu wengi wanatumia gfortran, iliyo ndani ya GCC. Hapa mtu anaweza kusema: lakini GCC ilikuwa inajua arm64 miaka mingi, kwa Linux! Kweli. Kutafsiri ilijua. Yenye haikujua ni desturi za nyumba ya Apple. Mfano mmoja: kuna fonksyo zinazopokea idadi yoyote ya vitu, kama printf ya C. Kwa Linux, vitu hivyo vya ziada vinaanza kupitishwa ndani ya rejista za prosesa. Apple inaviweka vyote kwenye kumbukumbu, kwenye steki. Mmoja anaacha mzigo mezani, mwenzake anautafuta mkononi. Programu inajengwa bila kosa lolote, halafu inatoa upuuzi au inaanguka. Mtu aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya kurekebisha hayo ni Iain Sandoe, katika tawi la pembeni, kabla GCC rasmi haijayapokea. Ni kwa gfortran ya tawi lile R 4.1.0 ilitoka Mei 2021, ya kwanza yenye faili rasmi la arm64.

Lakini kompaila ikishafanya kazi, bado kuna swali lenye linanigusa zaidi: jibu ni lile lile? Chukua NA, ile tunaandika kwa kiwanja chenye mbuzi walikula. Kwa namba za desimali, ndani ya mashini NA ni NaN ya kawaida, ila imefichiwa namba 1954 ndani yake. Prosesa ikiipoteza njiani, NA inageuka NaN tupu. Wajenzi wa R walilipima jambo hili mapema, na M1 inaihifadhi. Ila ukijumlisha NA na NaN, R yenyewe inaonya kwamba jibu linaweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, kulingana na mashini.

Tena, Intel inampa C namba ndefu za biti 80, na mean() inazitumia kukusanya jumla. Kwa M1 namba hizo ni biti 64 tu. Basi desimali za mwisho kabisa zinaweza kuachana kidogo. Usimwambie promota kwamba mashini imeharibika. Andika tu ulitumia R gani, juu ya mashini gani.

Kufunga faili la kugawa nako ni kazi. Kwa M1 hakuna kodi ya arm64 inayokubaliwa kutembea bila saini ya kidijitali. Maktaba ya Fortran inabidi isafiri ndani ya R, juu mtu wa kawaida hana gfortran. Na maktaba nyingine zimewekwa /opt/R/arm64, kusudi zisichanganyike na zile za Intel.

Mdogo wangu yeye alizichanganya. Alichukua R ya Intel; ikafunguka juu Rosetta 2 ya Apple inatafsiri programu za Intel. Lakini gfortran na maktaba zake zilikuwa za arm64, na Rosetta haiunganishi aina mbili ndani ya programu moja. Kwenye ukurasa wa R faili ni mbili, jina la prosesa liko ndani ya jina la faili: M1 na zilizofuata, arm64, Intel, x86_64. Kama R imeshaingia, andika R.version$arch, itakuambia.

Yeye iliandika x86_64. Aliifuta, akaanza upya, na jana aov() ilipita. Mega za mara ya pili nilimtumia mimi.