Kadi ya chanjo kutoka Thailand: toa 543

Mtoto aliyechanjwa Thailand anaweza kurudi nyumbani na kadi yenye mwaka 2568. Usishtuke, haijakosewa. Nchi hiyo hutumia kalenda ya Kibudha, iliyo mbele ya yetu kwa miaka 543. Siku na miezi ni ileile, kwa hiyo badili mwaka tu: 2568 toa 543 ni 2025.

Angalia pia mwaka uliofupishwa. Kwenye kadi hiyo, 10/03/68 ni Machi 10, 2025. Na dawa iliyoandikwa mwisho wa matumizi ni 2567 iliisha muda wake 2024, usimpe mtoto.

Kabla ya kwenda kliniki, andika tarehe zote upya kwenye karatasi na uambatanishe na kadi. Muuguzi atajua mara moja chanjo gani inafuata, na lini.