Mji Si Mti: Mawazo ya Usanifu wa Miji katika Upangaji wa Istilahi za Kiswahili za Kidijitali

Utangulizi

Hifadhidata ya istilahi yaweza kusheheni maneno maelfu, na bado mtumiaji asilipate analolihitaji. Kasoro hapo si uchache wa maneno bali mpangilio wake. Makala haya yanafafanua mawazo mawili ya taaluma ya usanifu majengo na mipango miji yanayoweza kuwafaa wapangaji wa taarifa za Kiswahili.

Muundo wa mti na mwingiliano

Mwaka 1965, msanifu majengo Christopher Alexander alipinga upangaji wa miji kwa muundo wa mti, ambamo kila sehemu huning'inia kwenye tawi moja tu. Alitoa mfano wa pembe ya mtaa mjini Berkeley, Marekani: watu wanaosubiri taa ya kuvukia barabara husoma magazeti yaliyopangwa mlangoni mwa duka. Taa na duka huhudumia mifumo inayoingiliana.

Istilahi nazo huingiliana. Neno kinga ni la tiba, likihusu uwezo wa mwili kupambana na maradhi. Ni la diplomasia pia, likihusu ulinzi wa kisheria wa balozi. Mzizi ni wa botania na wa isimu. Hifadhidata inayolifungia neno katika taaluma moja humnyima mfasiri wa taaluma ya pili. Asipoliona, huunda jipya. Ndipo dhana moja hupata majina mawili katika nchi zinazopakana.

Mji unaosomeka

Katika kitabu chake cha mwaka 1960, Kevin Lynch alichunguza Boston, Jersey City na Los Angeles, akabaini viambajengo vitano ambavyo kwavyo wakazi huujenga mji akilini: njia, mipaka, maeneo, makutano na alama bainishi. Katika hifadhidata, njia ni viungo baina ya istilahi; mipaka hutenga istilahi iliyosanifiwa na ile inayopendekezwa; maeneo ni nyanja za taaluma; makutano ni kidahizo kinachokutanisha nyanja kadhaa; na alama bainishi ni vitu visivyohama, kama vile sehemu ya kutafutia.

Ulinganisho huu una kikomo. Mgeni wa mji hupita barabarani hadi afike. Mtumiaji wa intaneti huweza kutua moja kwa moja katika ukurasa wa ndani. Kwa hiyo, kila ukurasa sharti umweleze alipo na anakoweza kuelekea.

Hitimisho

Kwa watunga sera, mambo matatu yanafuata. Kidahizo kiruhusiwe kuwa katika nyanja zaidi ya moja. Kila istilahi ipewe anwani ya kudumu, ili taasisi za nchi mbalimbali zirejelee mahali pamoja. Aidha, watafsiri, walimu na wanahabari waulizwe wanavyotafuta maneno kabla muundo haujaamuliwa, kwani Lynch hakutegemea ramani pekee; aliwauliza wakazi.