Alumini haionyeshi moto: namna ya kuipinda bila kuipasua

Bandugu wachimbaji, na ninyi bamama na vijana munaosoma ukurasa huu nyumbani, leo tunazungumza juu ya fimbo ya alumini, ile iliyojaa, isiyo na tundu ndani. Wasudere na mafundi wetu wa atelye wanaipinda kila juma: kishikio cha ngazi, ndoano ya taa, kono la mlango, kariyeri ya kinga. Siku moja inapindika kama udongo. Siku ingine fimbo ya unene uleule inalia «ka!» na kukatika mu mikono. Watu wanasema ni bahati mbaya, ao ni alumini ya uongo. Hapana. Kuko sababu, na sababu hizo mfanyakazi anaweza kuzijua mbele ya kuanza kazi.

Sisi watu wa Katanga tumelelewa na shaba, na hapo ndipo tunapodanganyika. Shaba ikikuwa ngumu, fundi anaipasha mpaka iwe nyekundu, anaitia mu maji, inakuwa laini tena. Inayeyuka kwa digrii 1085, kwa hiyo macho yana wakati wa kuona wekundu. Alumini inayeyuka kwa digrii 660, na aina nyingi zilizochanganywa zinaanza kuyeyuka mbele ya hapo. Mchana hautaiona ikibadilika rangi. Unangoja wekundu, unangoja, halafu fimbo inaanguka chini kama uji. Na ile ya moto inafanana kabisa na ile ya baridi: wengi wameungua vidole kwa sababu hiyo tu. Glovu za sudere, kila mara, hata kama chefu anasema ni kazi ya dakika mbili.

Jambo la pili ni aina. Alumini tupu, ile ya nyaya za umeme kwa mfano, iko laini. Lakini fimbo nyingi za atelye zimechanganywa na madini mengine ili zikaze. Mjerumani Alfred Wilm aligundua jambo hilo mwaka 1906: aliipasha alumini yake, akaipoza ghafla, akaiacha siku kadhaa, na kumbe ilikuwa inaendelea kukaza yenyewe. Ndani yake mulikuwa shaba, karibu 4 kwa mia. (Mwaka uleule 1906 Union Minière ilianzishwa huku kwetu. Shaba ina habari ndefu.)

Kwa hiyo angalieni namba iliyoandikwa ku fimbo ao ku karatasi ya muuzaji. 1050 na 3003 zinapindika bila matata. 6063 na 6061 zinapindika kama mkunjo ni mpana; zikiwa na alama T6, maana yake zimekwisha kukazwa, mujihadhari. 2024 (hiyo ni namba, si mwaka) na 7075, musijaribu kuzipinda baridi mu atelye ya kawaida. Na kama kipande kimeyeyushwa na kumwagwa mu mchanga, namna wafundi wetu wanavyofanya masufuria na pistoni za zamani, hakitapindika hata kidogo. Kikivunjika, ndani utaona chembechembe kama za sukari.

Sasa mkunjo wenyewe. Ukipinda fimbo, upande wa ndani unabanwa, upande wa inje unavutwa. Mpasuko unaanza inje. Tupige hesabu kidogo, watoto wa shule watusaidie. Fimbo ina milimita 12. Ukiipinda juu ya tiyo ya milimita 24, ngozi ya inje inavutwa karibu 33 kwa mia. Ukiipinda juu ya tiyo ya milimita 100, inavutwa karibu 11 kwa mia. Na 6061-T6 inavumilia 12 kwa mia, ao kupita kidogo, kisha inakatika. Umeona? Fimbo ileile, mkono uleule, lakini tiyo moja inavunja na ingine inaokoa. Sisi tunashauri hivi: kwa fimbo ya T6, tiyo ya kupindia iwe na upana wa mara nane wa fimbo, na kupita.

Musiibane mu meno ya eto bila kitu: wekeni mbao ao bati la shaba, maana alama ya jino moja inatosha kuanzisha mpasuko. Mikwaruzo isuguliwe kwa msasa, kufuata urefu wa fimbo, si kuizunguka. Pinda polepole, kwa nguvu moja, bila nyundo. Pita kidogo pembe unayotaka, kwa sababu itarudi nyuma. Na ukikosea, usiinyooshe na kuipinda tena pale pale. Tupa, chukua ingine.

Kama mkunjo mudogo unahitajika kabisa, kuko moto. Paka sabuni ya kipande, iliyo kavu, pale pa kupinda. Pitisha shalumo upande wa chini, ukiitembeza, usisimame pahali pamoja. Sabuni ikigeuka ya kahawia kuelekea nyeusi, simama: umefika karibu na digrii 350 mpaka 400. Acha ipoe kwa hewa, kisha pinda siku ileile.

Lakini hapa tunaomba musikilize vizuri. Fimbo ya T6 iliyolainishwa kwa moto imepoteza ukaidi wake. Uzito inaoweza kubeba bila kujikunja unashuka mpaka karibu moja juu ya tano ya ule wa kwanza. Kono la mlango, sawa. Ndoano ya kuinulia mzigo, hapana. Kishikio ambacho mtu anashika kupanda mashine, hapana.

Tunasema hivyo kwa sababu tuliona. Mu kampuni moja ya sutretansi, kishikio cha ngazi ya lori kilikatika mu mkono wa kamaradi wetu, akaanguka, mguu ukavunjika. Kilikuwa kimefanywa mu atelye na mabaki ya fimbo, kwa kuwa vishikio vya kweli havikuletwa. Ripoti ikaandika: «mfanyakazi hakuwa mwangalifu.» Delege wetu wakaomba kipande kabla hakijatupwa. Pale kilipokatika, nusu ilikuwa yenye kung'aa, mpya. Nusu ingine ilikuwa nyeusi, na vumbi na mafuta ndani. Mpasuko ule ulikuwa pale siku nyingi, tangu kupindwa pengine, na hakuna aliyeuangalia. Tuliweka kipande juu ya meza ya kamati ya usalama. Maneno juu ya uangalifu yaliondolewa mu ripoti, na vishikio vya chuma vikaletwa.

Kuuangalia mpasuko haiombi mashine. Ni njia ya zamani ya atelye za reli: safisha mkunjo, paka petroli ya taa, ngoja dakika kumi, pangusa mpaka ikauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Kama kuko mpasuko, petroli iliyojificha ndani itatoka na kuchora mstari mu chaki. Bamama wanaweza kufanya hivyo ku kariyeri ya kinga ya mtoto.

Kwa delege: ku mkutano ujao wa kamati, ombeni karatasi ya aina ya kila fimbo inayoingia mu atelye. Ombeni pia orodha ya vishikio vyote vilivyofanywa pale pale. Na kitu chochote kilichokatika kiwekwe mu mfuko, pamoja na tarehe na jina la mashine, mbele ya mtu wa usafi kupita.