Anayepiga kinanda kwa sikio si mbumbumbu

Kila niendapo Makongeni, Thika, kumjulia hali dada yangu, hunibidi kungoja hadi Jumapili alasiri ndipo nizungumze na mwanawe. Kijana huyo ndiye mpiga kinanda wa kanisa lao, na waimbaji hawamwachilii mapema.

Neno kinanda limesafiri sana. Wazee wa Pwani waliiita hivyo ala ya nyuzi iliyo jamaa ya gambusi. Baadaye gramafoni nayo ikaitwa kinanda, halikadhalika ogani ya kanisani. Kinanda cha mpwa wangu ni cha umeme, chenye vibonye 61. Piano halisi, yenye vibonye 88 na nyundo zinazogonga nyuzi, hajapata kuigusa.

Hakufunzwa na mwalimu yeyote. Alitazama wenzake, akatazama simu, akajaribu. Nyimbo zote huzipiga akianzia kibonye kimoja, kwenye vile vyeupe. Waimbaji wakilalamika kuwa wimbo uko juu mno, hubonyeza kitufe, na kinanda kizima kikashuka. Mabingwa wa muziki huicheka tabia hii. Nakiri kwamba nami niliicheka. Nilimwambia anatembelea mkongojo.

Nilikosea. Tangu enzi za wamisionari kwaya zetu zimesoma hati ya sol-fa, ambayo John Curwen aliieneza Uingereza katika karne ya 19. Katika hati hiyo "do" haina makao maalumu. Huhama, na sauti nyingine zikaifuata. Enoch Sontonga alitumia hati iyo hiyo alipotunga, mwaka 1897, wimbo ambao lahani yake ndiyo ya wimbo wa taifa wa Tanzania. Kijana anayehamisha kinanda kizima kwa kitufe anaihamisha "do". Kanuni anayo, kilichokosekana ni jina lake. Mtoto wa miaka mitano pale Mombasa hupatanisha ngeli barabara bila kujua kwamba kuna kitu kiitwacho ngeli, na hakuna anayethubutu kusema hajui Kiswahili.

Kweli, mkongojo una hasara zake. Mbele ya piano isiyo na kitufe, vidole vya mpwa wangu vingepotea njia. Hilo, hata hivyo, ni la kufunzwa, si la kufukuziwa mtu.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulifundisha muziki katika shule za msingi na kuutahini pamoja na sanaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani huo ukaondolewa, na humu nchini somo lisilotahiniwa halifundishwi. Kipindi chake humezwa na hisabati. Kanisa likabaki kuwa chuo cha muziki cha vijana wengi. Sasa mtaala wa umilisi umeurejesha, na sanaa na michezo ni mmoja wa mikondo mitatu ya sekondari pevu. Hatua njema.

Lakini mpwa wangu alipokwenda kuulizia muziki katika shule moja, ambayo jina lake sina haja ya kulitaja, alichorewa mistari mitano ubaoni na kuulizwa majina ya noti. Hakuyajua. Akashauriwa atafute somo jingine. Hakuna aliyemwekea ala mbele yake akamwambia, "Hebu piga tusikie."

"Mjomba," aliniuliza, "kwani mimi Jumapili huwa napiga nini?"

Ningependa walimu wa mkondo huu waanze na swali hilo. Mwanafunzi apige kwanza, kisha aonyeshwe jinsi kile alichokipiga kinavyoandikwa. Hivyo ndivyo tufanyavyo katika lugha: hatumsubirishi mtoto kusema hadi ajue kuandika.

Jumapili iliyopita nilimpelekea daftari lenye mistari mitano. Ibada ilipokwisha tulibaki kanisani sisi wawili, yeye akipiga polepole, nami nikiandika, kwani kusoma noti naweza ila kupiga siwezi. Tulimaliza wimbo mmoja na nusu, kisha mlinzi akaja kufunga mlango.