Je, Wajua? Dhahabu ya Ng'ambo ya Ruvuma

Haya, sogea tukae. Siku ukisimama Shimo la Mungu pale Newala ukatazama kusini, lile bonde chini yako ni la mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Je, wajua kwamba huko ng'ambo ndiko nchi ya Maria de Lurdes Mutola, bingwa wa dunia wa mita 800? Alitwaa ubingwa huo mara 3 kwenye viwanja vya wazi na mara 7 kwenye mashindano ya ndani ya ukumbi. Jumla 10!

Je, wajua kwamba alianza na mpira wa miguu? Alizaliwa tarehe 27 Oktoba 1972, akakulia Chamanculo, mtaa wa watu wa hali ya chini huko Maputo. Timu ya wasichana haikuwepo, basi akacheza na wavulana, na akawa anawafunga. Wapinzani wakaja juu: iweje timu ichezeshe msichana?

Sasa kisia nani alimtoa kwenye mpira. Kocha? Mwalimu? Hapana, mshairi! José Craveirinha, mshairi mkubwa wa Msumbiji, ndiye aliyemshawishi ajaribu riadha, na mwanawe Stelio alikuwa kocha. Mwaka 1991 mzee huyo akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Camões, tuzo kubwa kabisa ya waandishi wa Kireno. Kwangu mimi, kumwona Mutola kulistahili tuzo ya pili.

Je, wajua kwamba alikwenda Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 akiwa na miaka 15 tu? Riadha yenyewe alikuwa ndio kwanza anaianza. Alitolewa hatua ya mwanzo, lakini kati ya hapo na mwaka 2008 hakukosa Olimpiki hata moja. Sita mfululizo, ndugu yangu!

Mwaka 1991 akapata ufadhili wa kwenda kusoma na kufanya mazoezi Marekani, katika mji wa Springfield, jimbo la Oregon. Huko akampata kocha Margo Jennings, aliyekaa naye miaka mingi. Mwaka huohuo akawa wa nne kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo, kwa dakika 1 na sekunde 57.63. Miaka yake? 18!

Unajua alikuwa na kasi gani? Rekodi yake binafsi, aliyoiweka Zürich mwaka 1994, ni dakika 1 na sekunde 55.19. Pima mita 100 kwenye uwanja wa shule iliyo karibu nawe, ukimbie kwa sekunde 14.4. Umeweza? Sasa rudia mara 7 papo hapo, bila kuvuta pumzi katikati. Hizo ndizo mita 800 za Mutola.

Na hili ni lenu, watu wa Masasi na Nanyumbu. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililozinduliwa Mei 2010, lina urefu wa mita 720. Kwa kasi ile Mutola angetoka Tanzania akafika Msumbiji kwa sekunde 104 hivi, na bado angekuwa na mita 80 za kumaliza mbio!

Je, wajua kwamba kukanyaga mstari kuliwahi kumnyang'anya ubingwa? Ilikuwa Gothenburg, Agosti 1995, kwenye nusu fainali. Alikuwa hajashindwa mbio za mita 800 kwa muda mrefu, wote wakijua dhahabu ni yake, lakini akatoka kwenye njia yake mapema kuliko sheria inavyoruhusu. Wakamwondoa. Akafanya nini? Tarehe 25 ya mwezi huohuo akaenda Brussels, akakimbia mita 1,000 kwa dakika 2 na sekunde 29.34. Rekodi ya dunia! Hakuna mwanamke aliyewahi kushuka chini ya dakika mbili na nusu kabla yake.

Mita hizohizo 1,000, safari hii ndani ya ukumbi, alizikimbia Stockholm mwaka 1999 kwa dakika 2 na sekunde 30.94. Ilipita zaidi ya miaka 20 na rekodi hiyo ilikuwa bado imesimama.

Sasa tulia, hapa ndipo penyewe. Tarehe 25 Septemba 2000, Sydney. Uwanjani kuna watu 112,524. Usiku huohuo Cathy Freeman amewapa Waaustralia dhahabu ya mita 400, na Haile Gebrselassie amempita Paul Tergat kwa sekunde 0.09 tu baada ya mita 10,000. Mutola anakimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 56.15, akiwaacha nyuma Stephanie Graf wa Austria na Kelly Holmes wa Uingereza. Dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Msumbiji!

Lakini je, wajua tarehe hiyo ni ya nini? Tarehe 25 Septemba 1964 ndipo FRELIMO ilipoanza vita vya ukombozi, kwa kushambulia kituo cha Wareno pale Chai, Cabo Delgado. Ni sikukuu ya taifa Msumbiji mpaka leo. Wapiganaji wa vita hivyo walifundishwa Nachingwea, majirani zenu wa Masasi, na uhuru ulipofika Juni 1975 Mutola alikuwa mtoto wa miaka miwili. Miaka 36 kamili baada ya risasi za Chai, yeye akawaletea dhahabu. Mimi kila nikilifikiria hili nasisimka. Na nani alikuwa Rais wetu huku siku hiyo? Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, Masasi!

Je, wajua kwamba mwaka 2003 alilipwa dola milioni 1 kwa mbio? Mikutano ya riadha ya Golden League ilikuwa sita, na donge lilikuwa la atakayeshinda yote; naye akashinda yote sita. Kabla yake mabingwa walikuwa wakigawana donge hilo. Mutola alilibeba lote peke yake, wa kwanza kufanya hivyo.

Olimpiki ya Athens, 2004, aliyemvua taji ni nani? Kelly Holmes, yuleyule aliyekuwa akifanya naye mazoezi! Holmes akapata dhahabu, Mutola akawa wa nne.

Beijing 2008 inanifurahisha zaidi. Kwenye fainali Mutola ana miaka 35, na kando yake yupo Pamela Jelimo wa Kenya mwenye miaka 18. Mutola alipokimbia Seoul, Jelimo alikuwa hajazaliwa! Binti huyo akashinda kwa dakika 1 na sekunde 54.87, akawa Mkenya wa kwanza wa kike kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Mutola alikuwa wa tano, na hapo akaagana na Olimpiki.

Ulidhani akakaa kitako? Alirudi kwenye mpira! Mwaka 2011 Michezo ya Afrika ilifanyika Maputo, na nahodha wa timu ya taifa ya wanawake ya Msumbiji alikuwa yeye, akiwa na miaka 38. Isitoshe, alimnoa Caster Semenya wa Afrika Kusini kwa Olimpiki ya London ya 2012.

Nasi huku tusimsahau Nzaeli Kyomo, dada yetu wa mbio fupi, aliyeiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 na ya Los Angeles mwaka 1984.

Hesabu ya mwisho, kisha nikuache. Mpaka Olimpiki ya Paris ya 2024, Tanzania ilikuwa na medali 2 za Olimpiki, zote za fedha na zote za Moscow 1980: ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui. Msumbiji nayo ilikuwa na 2, shaba ya Atlanta 1996 na dhahabu ya Sydney 2000. Zote mbili ni za Maria Mutola.